Haboba Ameanguka

Kaka yangu Wani,

Juma la nne sasa tangu tukuzike kule Rejaf, na hasira yangu haijapoa. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha ukimbizini Uganda, maana tangu utotoni tukigombana tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili, na leo nataka kugombana.

Wanasema mlilala. Ndiyo habari iliyoenea Juba nzima, kwamba nyinyi askari sita wa kambi ile ya porini mlilala, waasi wakawakuta mnakoroma. Mama wa mwenzako mmoja ameacha kuja kanisani Kator kwa aibu. Wakubwa wenu walilisema hilo wamekaa kivulini, soda baridi mkononi.

Uongo mtupu. Mimi najua.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho? Ulikaa kando ya cherehani yangu pale soko la Konyo Konyo, ukachukua chaki ya kukatia nguo, ukanichorea lile puto lenu. Puto jeupe, limefungwa chini kwa kamba ndefu, lina kamera tumboni ya kuwaangalizia pori lote. Mliliita Haboba, kama tunavyomwita nyanya yetu. "Sababu iko naona kila mtu," ulisema, "hata mwenye anaenda kujisaidia." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Sasa sikiliza. Siku mbili kabla hamjauawa, karani wa redio wa makao makuu alimtuma askari kwangu na kikaratasi. "Dada, Wani ametuma habari. Haboba yenu ameanguka. Anaomba musaidie haraka." Karani alikuwa mgeni kazini, akadhani ni habari ya nyumbani. Na mimi je? Mimi niliyechorewa? Niliacha nguo ya mteja kwenye mashine, nikapanda boda boda hadi Kator, nikamkuta nyanya anamenya karanga, mzima kabisa. Nikamshukuru Mungu. Tukakucheka, Wani. Tukala karanga, nikarudi kushona sare za shule.

Puto lilikuwa chini. Mlikuwa hamuoni kitu, mnaomba msaada, na sisi tunakucheka.

Nilielewa siku ya mazishi, mtu alipomwambia nyanya, "Haboba, kaa hapa kwa kiti." Nikapiga yowe. Watu walidhani ni uchungu tu.

Nimemlaani yule karani kila siku iliyopita, kwa sababu kumlaani yeye ni rahisi. Makao makuu wanadai hakuna ujumbe wowote uliofika. Kikaratasi ninacho, mwandiko ni wake. Lakini nikikitoa, mama atajua kilifika mkononi mwangu. Nimekificha majuma manne ili mama asinitazame vibaya, na nyinyi mkaitwa walevi wa usingizi. Nisamehe, kama huko wanasamehe.

Pumzika, kaka. Kesho asubuhi nakwenda makao makuu na kikaratasi, na mama nakwenda naye. Nitasimama mbele ya wote niseme mliita, na aliyeitwa ni mimi.

Dada yako,
Poni