Wachimbaji Hawaogopi

Cwm Brynaf, Wales
2 Februari 1969

Kaka Gwilym,
Salamu nyingi. Sisi wazima, Mama na kifua chake vilevile. Baridi ya London inakutendeaje?

Nimegawa dodoso langu la sosholojia mgodini kama ulivyonielekeza: "Je, unaogopa kushuka?" Wachimbaji wote, hata Baba, wamejibu "Hapana." Mwalimu Probert amefurahi sana. Mbona basi Baba siku hizi akiaga hurudi mlangoni kututazama? Naogopa, Kaka.

Mdogo wako,
Eluned

London, 6 Februari

Mdogo wangu,
Mimi mzima, njaa tu. Sikia, mtaalamu: jamii hupimwa kama joto la maji. Swali moja kwa wote, majibu yahesabiwe, hisia zako zikae nje. Ukianza kufasiri macho ya Baba, utaandika hofu yako mwenyewe na kuiita utafiti. Amini majibu.

Kaka yako,
Gwilym

Cwm Brynaf, 9 Februari

Kaka,
Natumaini umekula. Huku si kuzuri.

Jana nilikaa na Baba akisafisha buti, bila karatasi wala swali. Mwenyewe akaanza. "Hizo karatasi zako, binti! Si msimamizi wa zamu ndiye aliyezikusanya? Nani amwandikie bosi kwamba anaogopa?" Akacheka. "Na mwenzio akijua una hofu, hashuki nawe tena. Wanasema inaambukiza kama upele."

Kisha hakucheka. Alisema dari la njia mpya kule chini linalia, kama linalotaka kuporomoka. Wote wanalisikia, kila mmoja anajifanya kiziwi.

"Usimwambie mtu. Nimekwambia kwa kuwa u mwanangu."

Kumbe "Hapana" yao ilimaanisha "msiniache peke yangu." Hesabu yako ingelijuaje hilo? Alhamisi wanaanza kazi kule. Nifanye nini?

Eluned

Simu ya maandishi, London, 11 Februari

MWONE PUGH WA CHAMA CHA WACHIMBAJI LEO. AENDE MAJUMBANI ASIKILIZE MMOJA MMOJA. USIMTAJE BABA. GWILYM

Cwm Brynaf, 13 Februari

Kaka,
Sisi wazima, wote.

Mzee Pugh alizunguka jikoni kwa jikoni. Kila mchimbaji alidhani ni yeye tu mwoga. Leo hawakushuka. Meneja anatishia kuwafukuza.

Sikumtaja Baba, lakini alinitazama mara moja akajua ni mimi niliyesema. Tangu hapo hanisemeshi. Naogopa hata kumpelekea chai. Yuko sebuleni, namsikia akikohoa.

Mdogo wako,
Eluned