Kivinjari kipya cha mama mkwe

Tomke, nimefanya ujinga. Nakuandikia nimejifungia chooni kwa mama mkwe, keki iko mezani, na sina uso wa kumtazama.

Si unajua nilivyohangaika wiki mbili nikichagua kivinjari, programu ya kuingilia mtandaoni, kisichomchungulia mtu? Leo nikamwekea na yeye. Nikamhubiria: mama, hata picha ya nyumba yenu mliomba ifichwe kwenye ramani ya mtandao, iweje kompyuta ikujue nje ndani? Akacheka, "Haya mwanangu, fundi ni wewe."

Nikafuta kile cha zamani na kumbukumbu zake zote. Zote, Tomke.

Akaja na kahawa, akabonyeza herufi moja, akangoja. Akabonyeza nyingine. "Silke, mbona Eberhard haji?"

Eberhard ni baba mkwe, tulimzika Februari. Nikadhani mama wa watu akili imeanza kuhama.

Kumbe kila asubuhi hubonyeza herufi moja, na kompyuta inamletea yale aliyokuwa akiyatafuta mzee mtandaoni. Herufi hii inaleta "waridi za kivulini". Ile inaleta "mke anaogopa upasuaji, nimwambie nini".

Nimwambie nini. Na mimi nimelifuta hilo kwa mkono wangu.

Hata hakunigombeza. Alisema tu, "Ulitaka nisichunguliwe. Aliyekuwa akichungulia humo ni mimi peke yangu."

Sasa anagonga mlango. Anasema nifute machozi nitoke, anayakumbuka karibu yote, atayaandika upya kwenye hicho kipya, yakae.

Tomke, hicho kipya kinasahau kila kitu ukikifunga. Nilikichagua kwa sababu hiyo.