Mashine Kwenye Tanga Lako, Bibi

Bibi yangu mpendwa,

Natumaini huko uliko hakuna vumbi. Huku Kibiti gari likipita barabarani vumbi tunalila mpaka kwenye chumvi, na Salma wangu kifua bado kinambana. Nakuandikia kwa sababu wanasema nimekosa radhi yako. Wa kuniambia kweli ni wewe peke yako, nawe hupo.

Unakumbuka baba Salma alipoileta ile mashine ya kufyonza vumbi, mtumba kutoka Dar? Daktari alikuwa amekataza ufagio, kwamba unamrushia mtoto vumbi puani. Wewe ulishatoka kijijini kwetu Kiongoroni kuja kunisaidia kulea. Ukavitazama vile vichwa vyake vikitoka kwenye mfuko, ukasema, "Mke mwenzangu, mnyama gani huyu, mwili mmoja midomo minne?"

Nikakuonyesha. Mpana wenye brashi ngumu, wa zulia. Mpana usio na brashi, wa sakafu ya sementi. Ule mwembamba, wa kupenya kwenye pembe za makochi. Na kile cha mviringo chenye nywele laini, cha mapazia na rafu. Ukauliza, "Na mkeka wangu?" Karatasi ya maelezo haikuujua mkeka. Ukajaribu mwenyewe kwa ile brashi ngumu, ikadaka ukindu, ukapiga kelele, "Weee! Niachie, nimesuka kwa mikono hii!" Tulicheka mpaka Salma akaamka. Mwishowe tukaona kile cha nywele laini ndicho, nguvu ipunguzwe, ukifuata msuko wala usiukate. Tangu hapo mkeka ukawa kazi yako, godoro kazi yangu, na mtoto alilala bila kupiga mluzi kifuani.

Kisha ukafa, Bibi.

Nyumba ikajaa wanawake, mikeka ya kuazima, mchanga wa miguu ya watu. Najua nyumba haifagiwi mpaka tanga lianuliwe, ndivyo ulivyotulea. Lakini Salma alianza kuvuta pumzi kwa mabega. Nje moshi wa majiko ya msiba, ndani vumbi. Dawa yake ya kuvuta nilimpa, haikutosha. Nikawaomba kina mama wainuke, nikaiwasha mashine. Kichwa laini kwenye mikeka, kile kipana kwenye sementi, chembamba kwenye kona alipokuwa amelala.

Shangazi Mwanahawa akaingia mbio. "We mwana we! Unamfagia mama yangu hata kaburini hajapoa?"

"Sifagii, Shangazi. Mtoto hapumui."

"Utamvuta na roho yake humo!"

Mama Hadija wa jirani akadakia, "Mwacheni avute, labda itapita na umbea wetu." Hakuna aliyecheka.

Tanga likaanuliwa, Shangazi na wazee wenzake wakaondoka bila kuniaga. Sasa wanasema kifua cha Salma ni hasira yako. Ijumaa wanakuja kumchukua wampeleke Kiongoroni akafukizwe. Moshi, Bibi! Mtoto huyu, afunikwe shuka juu ya chetezo! Nimempigia baba yake simu, akasema, "Wale ni wazee, huenda wana haki." Nikakata.

Nimechoka. Nafyonza asubuhi, jioni vumbi limerudi kama sijagusa kitu. Umeme ukikatika nakaa tu kitandani nimempakata, nasikiliza kifua chake, sina la kufanya. Kila nikifika kwenye mkeka wako nazima mashine. Nakuita, naona aibu, naendelea.

Ijumaa wakija nitawakaribisha. Nitawapa chai, nitawaamkia kwa heshima zote. Mtoto sitawapa. Najua baada ya hapo sitakuwa na shangazi, na mume sijui. Kama ni kweli nimekosa radhi yako, basi niikose mimi. Yeye apumue.

Lala salama, Bibi.

Mjukuu wako,
mama Salma