Ubao Nilioufuta Kabla Hujanisikiliza

Mpenzi Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu hamwanzi mkubwa wake bila salamu, na kufa hakujakufanya mdogo. Nakuandikia nikiwa uani kwangu, huku Kibiti, watoto wa chuo changu cha Kurani wameshakwenda zao. Leo nimekukumbuka mpaka chakula kimenishinda.

Unaikumbuka nyumba yetu ya bondeni, karibu na mto, kabla ya vita ya Maji Maji? Baba alikuwa akilima mpunga, na wewe dada yake ukisomesha watoto barazani, tangu mumeo alipofariki akakuachia mbao zake za kusomeshea. Mama yangu simkumbuki. Niliyemjua ni wewe. Nakuona bado, tambuu shavuni, ufito mkononi, nasi tunatikisika mbele na nyuma tukipiga kelele: be fataha ba, be kasra bi, be dhumma bu. Ufito ule haukumgusa mtoto hata siku moja. Ulikuwa wa kufukuzia kuku.

Ulituandikia somo ubaoni kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Mtoto akishaliweza, anakuja kukusomea. Ukiridhika ndipo unamruhusu kuosha ubao, na yale maji meusi anayanywa ili somo likae kifuani. Kwa mambo mengi ulikuwa mpole, lakini kwa hilo hukuwa na mzaha: haoshi mtu ubao kabla hujamsikiliza. "Utakunywa masizi matupu," ulikuwa ukisema, "tumbo lijae, kichwa kibaki wazi!"

Mimi niliosha.

Siku hiyo ulikuwa umekwenda Kibiti matangani. Wanaume wa kijijini walikuwa wamechoshwa na shamba la pamba la Wadachi na viboko vyake, na wengi walishakunywa maji ya dawa kutoka mtoni, yale yaliyosemwa kwamba yatageuza risasi kuwa maji. Asubuhi baba naye akachukua mkuki. Nilikuwa na miaka saba. Nikawaza kwamba kama maji ya mtoni yanazuia risasi, basi maji ya ubao, yenye maneno ya Mungu, yatazuia zaidi. Ubao wangu ulikuwa na sura mpya ya Kurani, na hata nusu yake sikuijua. Nikauosha haraka haraka, maji nikayakinga kwa kata, nikampelekea. Baba akaitazama ile kata, akanitazama mimi, akanywa yote. Midomo ikawa myeusi. "Ahsante, mwalimu," akaniambia, akacheka, akapita nyuma ya ghala la mpunga. Hakurudi.

Habari ya kifo chake ilifika pamoja na habari kwamba askari wanakuja wakichoma vijiji na vyakula. Tukashuka na mto kwa mtumbwi mpaka kwenye mikoko, upande wa Nyamisati. Wenzako walibeba vyungu, wewe ukabeba mbao. Miezi mizima tulipika kwa chungu cha kuazima, watu wakakucheka, na wewe ukacheka nao.

Huko ndiko nilikoacha kusoma. Ukiniita, nasema koo linaniuma. Ukiniandikia, natazama tope. Ulidhani ni msiba tu, ukanibembeleza, ukawa unanimegea samaki wako. Kisha siku moja ukanipa ubao wa mwenzangu nikauoshe, na mambo yote yakanitoka mbele yako. Nikakwambia mimi ndiye niliyemuua baba. Lau ningekungoja unisikilize kwanza, maji yale yangefanya kazi, na baba angekuwa hai.

Ukatema tambuu.

"Mbona nilikutana naye njiani siku ile?" ukasema. "Mie natoka Kibiti, yeye anakwenda zake, midomo myeusi tii! Nikamwambia, kaka, umekula nini? Akanambia, 'Huyu mwanao kaninywesha ubao. Hajausoma, nimemwona usoni. Nimeyanywa kwa kuwa kaniletea yeye, si kwa ajili ya risasi. Ukifika nyumbani msikilize, na asipoiweza hiyo sura, mwanzishe upya.'"

"Alijua?" nikauliza.

"Alijua kila kitu. Haya, soma."

Nikasoma huku nalia, nawe ukanisahihisha mara nne bila huruma. Tangu siku hiyo sikuacha tena.

Lakini Shangazi, vita aliyokwenda baba ilikuwa kusini, ng'ambo ya mto. Kibiti iko kaskazini mwa nyumba yetu. Hilo lilinijia nikiwa mtu mzima, wewe umeshazikwa mwaka mzima, nilipokuwa nahamia huku na mzigo wangu kichwani. Nilisimama katikati ya njia. Usingeweza kukutana na baba mahali pale hata kidogo. Sikufichi, nilikasirika. Nilitua mzigo, nikakaa mchangani, nikakuita mwongo kwa sauti, hakuna aliyenisikia. Hasira ilipokwisha nikabaki nakulilia. Kaka yako alikwenda bila ya wewe kumuaga, na badala ya kujililia mwenyewe ukakaa ukamtungia maneno ya kuniaga mimi. Hata hivyo sikuacha kujiuliza kama ulifanya sawa.

Leo asubuhi amerudi chuoni mtoto mmoja wa kike, ana miaka sita. Mama yake amekufa kwa homa. Siku za mwisho mtoto huyu alikuwa akikaa kitandani kwa mama yake akimsomea somo lake la kwanza, na mama hakufumbua macho. Leo nimempa ubao, akaurudisha. Nikampa tena, akauweka chini. Wenzake walipokwenda kunywa maji akanisogelea.

"Mwalimu, mama alinisikia?"

Mimi sikuwapo, Shangazi. Sijui. Na kila siku nawaambia watoto hawa wasiseme uwongo.

"Alikusikia, mwanangu," nikamwambia. "Alikusikia mpaka mwisho, na alifurahi sana."

Akanitazama kwa muda mrefu. Sikupepesa macho. Kisha akauokota ubao, akakaa karibu na goti langu, akasoma. Amekosea mara tatu, nami nimemsahihisha zote tatu.

Kwa hiyo sijiulizi tena. Nakupenda, na nakushukuru kwa kunidanganya. Mungu akiuhesabu kuwa uwongo, basi wako na wangu tutaujibu pamoja, mimi nimesimama kando yako. Sitautubia.

Kwaheri, Shangazi yangu.

Mimi mwanao,
mtoto wa kaka yako