Wening, Nyaya Zimerudi Shambani

Mwaka umetimia, Wening, tangu alfajiri ile tulipokuokota kwenye tuta la jaruba la jirani yetu Pak Kaslan, tochi yako bado inawaka ndani ya maji. Wengine huandika kumbukumbu kwa maneno laini. Baba yako aliacha shule darasa la tano akachunge bata, na maneno laini hakufundishwa. Kwa hiyo anakwambia kama yalivyo: nyaya zimerudi.

Lakini tuanze na wewe, maana leo ni siku yako.

Ulikuwa mtoto wa kung'oa vitu. Hata kabla ya chuo ulikuwa unang'oa mche wa mpunga, unausafisha mizizi kwenye chujio la tui la mama yako, kisha unakaa kizingitini unaugeuzageuza mpaka wali unapoa. Mama yako alikuwa akilalamika kwamba mchuzi una mchanga. Ulimwambia mchanga wa shamba letu una madini, ale tu.

Ulipopata nafasi chuo kikuu, Kitivo cha Kilimo, Pak Kaslan alisimama mlangoni kwetu akamwuliza baba yako, mbele ya watu, kama ni kweli anampeleka binti mjini akasomee kupanda mpunga. "Hata bata wangu wanalijua hilo," alisema.

Ulimjibu kabla baba yako hajafungua mdomo. "Bata wako wanajua kuula, Pak. Kupanda hawajui."

Watu walicheka, na Kaslan naye akacheka. Alikuwa jirani mwema. Hilo nalo tunaliandika, kwa sababu linatuuma.

Kila likizo ulirudi na jambo jipya. Mara mbolea imezidi, ndiyo maana majani yananawiri na masuke yanabaki mapepe. Mara miche inabanana mno, ipandwe kwa nafasi. Baba yako alikuwa anabisha mpaka povu, kisha msimu unaofuata anafanya ulivyosema bila kukwambia. Uliona. Ulikuwa unapita ukingoni unapiga mluzi, huku unaangalia kwingine.

Mwaka wa mwisho ukachagua utafiti wako wa shahada: panya. Nani kwetu asiyewajua? Mpunga ukishabeba mimba wanaingia, wanakata mashina chini, na shamba linalala kama limekanyagwa na nyati. Dawa ya hapa ni waya mtupu unaozungushwa jaruba zima, umeme unatoka nyumbani. Panya akigusa anakufa. Mtu akigusa naye anakufa, na ndiyo maana ipo kawaida ambayo hata mlevi huifuata: umeme ukiwashwa, taa nyekundu inawashwa juu ya mti kwenye kona ya shamba, na mwenye waya haondoki kibandani mpaka auzime. Ukiona taa, unapita kwingine. Usipoiona, unapita.

Wewe ukaja na bundi. Ulisimamisha nguzo ndefu shambani kwetu, juu yake sanduku la kutagia. Bibi yako alihama chumba cha upande ule, akasema mjukuu wake ameletewa wazimu na vitabu, maana bundi haiti ila kifo. Ulimkalisha ukamweleza kwamba bundi mwenye makinda hana kazi nyingine ila kubeba panya. Ukamgeukia baba yako: watu wote wapande wiki moja, wavune wiki moja. "Panya hana ghala, Baba. Anamtegemea yule anayechelewa."

Kwenye mkutano wa kijiji ulivaa koti lako la chuo, ukaeleza vizuri, ukaomba nyaya zitolewe. Kila mtu akajibu "inggih".

Hapo ndipo baba yako anapotaka kutukana, na mama yako amemshika mkono. Inggih ni ndiyo yetu ya heshima. Mtu anaitamka kwa mkubwa, kwa mgeni, kwa msomi, ili asimwaibishe, kisha anakwenda kufanya alilokuwa analifanya. Umezaliwa hapa, lakini chuoni ulikuwa umezoea watu ambao wakikubali wamekubali, wakikataa wanakubishia usoni. Uliwaamini wazee wako.

Na bundi walikuja kweli. Mpunga wetu ulisimama.

Kaslan alikuwa na waya wake bado. Ila alikuwa ametoa ndiyo mbele ya kijiji kizima, na taa nyekundu ingemuumbua. Kwa hiyo akaiondoa taa. Waya akauacha.

Ulitoka kabla jua halijachomoza kwenda kuokota vitonge vya mifupa na manyoya anavyotema bundi, upate kujua amekula nini. Uliangalia kona ya shamba la Kaslan kama ulivyofundishwa tangu utotoni. Hapakuwa na taa. Ukapita.

Kaslan alifungwa, akatoka. Mahakamani alisema aliona haya. Aliona haya watu wasijue kwamba hakutimiza neno lake, na kwa hizo haya zake tumekuzika wewe.

Chuo kilimwita baba yako apokee shahada yako. Alivaa batiki ya kuazima, mabega yakambana. Mkuu wa kitivo akasema ulikufa ukiitumikia elimu. Baba yako akaomba kipaza sauti, wakampa wakidhani atashukuru. Alisema: "Elimu haikumuua mwanangu. Aliuawa na watu wenye adabu." Kisha akashuka. Mama yako alimwambia amezidisha. Amezidisha nini?

Kwenye maziko yako wanaume waliobeba jeneza waliapa tena, na udongo viganjani, kwamba waya hautaonekana tena kijijini. Inggih, inggih. Wiki iliyopita baba yako alizunguka mashamba. Nyaya zimetandazwa, za walewale waliokubeba. Taa hakuna hata moja, maana safari hii wana aibu kubwa zaidi ya kuficha kuliko ile ya Kaslan. Mpunga unakaribia kubeba mimba. Wanawake wa palizi wanapita humo kukiwa bado na giza.

Hitma yako ya mwaka walitegemea kuila nyumbani, kama kawaida. Baba yako akatangaza msikitini kwamba mkeka utatandikwa shambani, chini ya nguzo yako, na kila anayekuja aje na waya wake umekunjwa. Mama yako na mawifi zake walipika wali, kuku, tempe ya soya na zile apem, vikate vya unga wa mchele vya maziko. Tukabeba vyote mpaka shambani, tukakaa.

Pak Lurah, mkuu wa kijiji, alikuja mikono mitupu. Alichuchumaa, akasema taratibu, kama kawaida yake, kwamba wali unapoa, watu wanaona vibaya kuja, na hitma si mahali pa madai. "Tusiaibishane, Pak Giyanto."

"Mwaka jana hatukuaibishana," baba yako alimjibu. "Kaburi liko pale."

Lurah aliinuka, akajipangusa magoti, akaondoka kwa adabu zake zote.

Wa kwanza kuja na waya alikuwa Bu Lasmi, mke wa Kaslan. Mume wake alikuwa ameapa kwamba hana waya tena. Yeye aliutoa chini ya mabanda ya bata. Aliutupa mkekani, akasema, "Huu ni mwingine. Ule wa kwanza waliuchukua polisi." Kaslan alikuwa nyuma yake, amesimama kwenye maji. Mama yako alimfungia Bu Lasmi wali kwenye jani la mgomba. Kaslan hakupewa. Hakuomba.

Wakaja wengine wachache, kila mmoja na waya wake umekunjwa, wanakaa bila kusalimiana. Imamu akasoma. Wengi hawakuja. Wali wao tuliurudisha nyumbani.

Nyaya zilizoletwa zimefungwa kwenye nguzo yako, chini ya bundi. Alhamisi ijayo tunapika tena, tunatandika palepale, na Alhamisi inayofuata, mpaka uletwe waya wa mwisho. Wasiokuja tunayajua mashamba yao. Baba yako alitaka kuyaandika majina yao hapa, moja moja, na mama yako akamwomba asifanye hivyo safari hii, awape nafasi.

Mama yako amesema hataomba mara ya pili.

Wanaokukumbuka ni baba yako Giyanto. Mama yako Sumarti, ambaye chujio lake bado lina mchanga na hataki liguswe. Kaka yako Prasojo na mkewe. Wenzako wa kitivo waliokuja na makoti yao kumwagilia kaburi. Na bibi yako Rubiyem, aliyerudi kwenye chumba cha upande ule na sasa halali mpaka awasikie bundi wako.

Tutakukumbuka daima, nduk, binti yetu, na hatutakaa kimya.