Kona ya Kinyozi

Jumatatu, 16 Machi

Mvua tena. Tumefyeka kutoka Soni hadi karavati la pili. Nyasi zisipite goti. Sharti la mkataba.

Nilipokuwa Wizara ya Ujenzi, kabla hawajatupunguza, ulilipwa kwa kufika kazini na kushika chepe. Ukilala juu ya chepe, shauri yako. Sasa serikali imempa mkandarasi barabara, naye analipwa barabara ikiwa nzuri machoni pa wakaguzi. Shimo lisizidi sahani. Mifereji iwe wazi. Nyufa zizibwe. Mawe, matawi, takataka, marufuku. Sipingi. Mimi ndiye msimamizi wa kipande hiki, na ndicho kisafi kuliko vyote hadi Mombo. Wanaume wa kipande cha chini wananiita Mama Lami. Waniite tu.

Miguu imelowa siku nzima. Binti yangu Neema kachoma viazi, nimekula vinne nikiwa nimesimama.

Jumatano, 18 Machi

Ufa. Kona ya Kinyozi, upande wa bonde. Madereva waliipa jina hilo kwa sababu imewanyoa wengi vioo vya pembeni. Ufa wenyewe mwembamba, umefuata ukingo kama mshono wa suruali. Nimechomeka kijiti kikazama chote. Sikupenda.

Nimempigia mkandarasi kwa simu ya posta. Kijana mdogo, ananiamkia vizuri kisha ananiamuru. "Shikamoo mama. Ufa ni wa kuziba. Ziba." Tumeziba kwa lami na mchanga, tukashindilia. Pakapendeza. Ukipita na gari huoni kitu.

Ijumaa, 20 Machi

Yona kashuka na lori, kabichi za Kwai. Kila Jumanne na Ijumaa ni hivyo, ukungu au jua. Mume wangu haogopi kitu duniani isipokuwa kona ile na mama yangu. Amerudi jioni anacheka. Kaona pale nilipoziba, kanisifu mbele ya watoto.

Nilifurahi. Kisha nikakosa raha, na sijui kwa nini. Namjua Yona. Akiamini kitu, ameamini.

Jumapili, 22 Machi

Ibada ndefu. Kwenye mnada wa mavuno Yona kagombania jogoo na mwinjilisti hadi watu wakatuangalia. Aibu. Jogoo tumempata.

Tumerudi kwa kupitia konani. Ufa umefunguka tena, sasa kiganja kinaingia. Madereva wameshaweka majani. Matawi mabichi, kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mlimani huku mtu yeyote akiona majani barabarani anajua asikanyage hapo, hata ambaye hajawahi kuona darasa. Yona kateremka, kakata matawi mawili zaidi, kaongeza. Kasema wanaoyaona mapema ni wale wanaokwenda polepole, kwa hiyo yawe mengi.

Nimejisikia nafuu kidogo.

Jumatatu, 23 Machi

Nimeomba tufunge nusu ya barabara kwa mapipa. Mkandarasi kakataa. Kufunga njia ni kosa, barabara lazima ipitike upana wote. Na majani yale je? Matawi barabarani, hilo nalo kosa. Wakaguzi wanakuja Alhamisi. Tulishaanguka ukaguzi mmoja, tukianguka wa pili mkataba unakwenda, na genge zima linarudi nyumbani kulima mahindi. Kanisihi kama mwanangu. "Siku moja tu, mama. Wakishapita, rudisha hata msitu mzima."

Siku moja. Nimekubali. Sikumpenda wala sikujipenda.

Jumanne, 24 Machi

Yona kashuka, karudi. Majani yalikuwepo. Anasema kona inamtekenya miguuni siku hizi, lori linapita anaona kama anapita juu ya godoro. Kajibana upande wa mlima hadi kioo kikagusa udongo. Nikamwambia afanye hivyo kila siku. Kasema kwani hajui.

Jumatano, 25 Machi

Jioni tumeondoa majani. Nimeyatupa mwenyewe, sikutaka mwingine ayashike. Ufa tumeuziba tena. Umemeza mchanga hadi nikaogopa, karai baada ya karai, hauna haya. Juu tukapaka lami. Ukingo tukausawazisha, tukaufyeka, tukaufagia. Mahali pabaya kuliko pote ndipo palipopendeza kuliko pote.

Sikumwambia Yona. Hashuki hadi Ijumaa. Ijumaa majani yatakuwa yamesharudi. Kuna haja gani ya kumtia wasiwasi?

Alhamisi, 26 Machi

Hawakuja. Gari lao limekwama Korogwe, maji yamekata njia. Tumesimama na vizibao vyetu vya njano tangu asubuhi kama maharusi waliokimbiwa. Saa kumi ujumbe umefika: watakuja kesho, paachwe kama palivyo, pasiguswe.

Nilisimama konani peke yangu. Panga ninalo, miti iko pale pale. Dakika chache tu ingetosha. Lakini mvua ilikuwa inapiga, na kesho asubuhi ningelazimika kuyaondoa tena, na genge lilikuwa limeshatangulia. Nikaondoka. Yona nitamwambia nyumbani.

Nyumbani tumegombana. Jogoo yule. Yona anataka kumchinja Pasaka, mimi nataka tumweke kwa ajili ya mitetea. Upuuzi mtupu, lakini yeye akikasirika anahamia Kishambaa, nami nikikasirika nanyamaza. Kalala kageukia ukuta. Nitamwambia asubuhi, kabla hajawasha lori.

Moyo haujatulia. Maji yanasikika hadi humu ndani.

Ijumaa, 27 Machi

Aliondoka kabla sijaamka. Hakutaka kuniamsha.

Yuko hai. Naandika hilo kwanza.

Basi lilikuwa linapanda, limejaa. Anayeshuka anampisha anayepanda, ndiyo desturi ya mlima huu tangu magari yalipofika. Yona kaziona taa zake ndani ya ukungu, kajitoa pembeni, upande wa bonde, pale palipokuwa pasafi. Kasimama kabisa, kama dereva mwenye adabu. Basi likapita. Ukingo ukaondoka naye.

Nilifika na genge tukidhani tunakwenda kazini. Barabara imeliwa hadi katikati. Kabichi zimetapakaa hadi kwenye mto. Lori limelala ubavu juu ya miti, na miti hiyo ndiyo iliyomzuia. Walimpandisha kwa kamba, amefungwa juu ya mlango wa lori uliong'olewa. Alikuwa ananitafuta kwa macho. Nilijificha nyuma ya watu. Mungu anisamehe, nilijificha.

Jumatatu, 30 Machi

Hospitali. Nyonga imevunjika, na kitu mgongoni hawakisemi vizuri. Miguu haimjibu. Daktari kasema tusubiri. Tusubiri nini, hakusema.

Watu wanaingia na kutoka. Shikamoo, pole, shikamoo, pole. Wote wanailaumu mvua. Naitikia.

Jumanne, 31 Machi

Wakaguzi wamekuja. Nilikwenda, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Wamepima nyasi. Wamechungulia mifereji. Walipofika konani wakasimama, wakatikisa vichwa, wakasema maporomoko ni kazi ya Mungu, hayahesabiwi. Pale hawakupapima. Kwingine kote tumefaulu.

Jioni mkandarasi kaja hospitali na sukari na sabuni. Kampa Yona pole, kisha mlangoni kanishika mkono kwa mikono miwili, kasema tumeokoa mkataba. Nilitaka kumzaba kofi. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na mkono uliotupa majani ulikuwa huu wangu. Nikapokea sukari.

Jumapili, 5 Aprili

Leo mvua imepumzika. Sikwenda kanisani. Nimemwogesha Yona, nimemnyoa ndevu, nimemlisha uji. Wagonjwa wengine walikuwa na wageni wao, sisi tulikuwa peke yetu.

Kaanza kusema mwenyewe. Kwamba nisijisumbue na maneno ya watu kuhusu barabara yangu. Kwamba asubuhi ile aliangalia, hakuona majani, akajua mke wake ameshapatengeneza. Ndiyo maana akajitoa upande ule bila hofu. Kasema mvua imeniharibia kazi nzuri. Alikuwa ananibembeleza, mimi, yeye akiwa kitandani.

Nikamwambia. Nani aliyaondoa, na siku gani, na kwa nini. Na kwamba Alhamisi nilikuwa na panga mkononi. Nilisema yote kwa sauti ya chini, bila kulia, kwa sababu kulia kungekuwa kumwomba kitu.

Uji uliobaki ukapoa. Muuguzi akapita, akatusalimia, tukaitikia wote wawili.

Kisha akaniomba nimgeuze, alalie ubavu wa pili, aangalie ukutani. Hawezi kugeuka peke yake. Nikapitisha mikono chini ya mgongo wake, taratibu, nikamgeuza. Nikamfunika shuka.