Sijambo za Shangazi

Khuwair ya Kusini,
Maskati, Oman.
9 Februari 2025

Mpendwa dada Kheiria,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wanao, na lile goti lako limepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila si wazima kama ninavyokwambia kila siku.

Kwenye simu sikuweza kusema. Shangazi, mama yako, hukaa ubavuni pangu, na ukiuliza habari zake hunipokonya simu akakwambia hajambo. Kwa hiyo barua hii nimempa Saeed anayekuja huko, atakufikia kabla ya mama yako.

Hospitali niliyompeleka, ya binafsi, ungeiona ungevua viatu mlangoni. Marumaru, udi, kahawa na tende za kungojea zamu. Za serikali ni za raia, na tulipohamia huku tukapata uraia, shangazi ndiye aliyebaki Unguja; huku ni mgeni tu. Basi tukalipa. Riyali thelathini kumwona daktari dakika kumi, vipimo mbali. Bangili zangu za harusi zimekwenda, wala sizililii.

Ninalolilia ni hili. Daktari aliuliza kwa Kiingereza maumivu yakoje, mimi ndiye mfasiri. Shangazi akajitanda vizuri, akatabasamu, akajibu, "Alhamdulillah, sijambo, mwanangu. Wewe hujambo?" Unajua tulivyolelewa, mtu haulizwi hali akaanza kulia. Nami nikafasiri vilevile, hajambo. Kheiria, alfajiri ile nilimsikia anauma mto, lakini niliona haya kumsuta mkubwa wangu mbele ya mgeni. Daktari, macho kwenye kompyuta, akaandika hana maumivu, akatupa vidonge vya tumbo. Tulikwenda mara tatu, na mara zote ikawa hivyo. Hakumgusa hata tumbo.

Mara ya nne alianguka pale pale kwenye marumaru yao, ndipo wakampiga picha. Ni saratani, imeshafika kwenye ini. Wanasema tumechelewa. Dawa za kumrefushia siku wametutajia bei ya nyumba. Mwenyewe ameambiwa, na ametaka kurudi kwake Unguja.

Nimemkasirikia daktari yule, lakini zaidi nimejikasirikia mwenyewe. Kiingereza changu chote hakikumfaa kitu.

Nisalimie mjomba Musallam na bibi Nunu, waambie wamwombee. Mungu akupe subira, na mimi anisamehe.

Kaka Yaqdhan atamleta Ijumaa. Akiteremka kwenye ndege utamuuliza hali, atakwambia hajambo. Usimwitikie. Mkalishe, muulize panamuuma wapi, umngoje mpaka aseme.

Wako akupendaye, na akuombaye radhi,
Nadra